Niliagana na Nyonga, Nyonga Zikakataa

Ilikuwa saa mbili kasorobo usiku na jua bado liko juu ya miti. Juni ya Uingereza ndivyo ilivyo; Isha inakungoja mpaka usingizi ukuzidi nguvu. Nimesimama katikati ya shamba la majani huko Lincolnshire, mgongoni nimebeba injini ya paramota ya kilo 27 na mafuta yake, nyuma yangu limetandazwa bawa la kitambaa la mita za mraba 24. Injini inanguruma taratibu. Kishikio cha resi kiko mkono wa kulia, na juu yake kuna kitufe chekundu cha kuzimia.

Redio ikasema sikioni: "Ukiwa tayari."

Soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea, imeinuka nusu, imeelekea kulekule inakotakiwa. Mbele yangu pana mita 200 za majani matupu. Nimekwisha kagua kila kitu, mara mbili.

Nikabonyeza kitufe chekundu.

"Vipi?" mwalimu akauliza.

"Upepo umegeuka," nikajibu.

Upepo haukuwa umegeuka.

## Sifa nisizozitafuta

Laiti ingeishia hapo. Jioni ile, tulipokuwa tunakunja mabawa, mwalimu aliwaita wanafunzi wote wanne karibu na gari lake akasema, mnamwona huyu? Ameghairi wakati kila mtu anamtazama. Huyu ndiye rubani. Kijana mmoja wa miaka 19, aliyeruka dakika 10 baada yangu katika upepo uleule niliodai umegeuka, alinipongeza kwa kunishika mkono.

Nikaenda nyumbani. Kwenye kitabu changu cha kumbukumbu za mafunzo, mahali pa maelezo, nikaandika: *Sikuruka. Upepo ulibadilika.*

Mimi ni nesi. Mwaka wa tisa huu naandika chati za wagonjwa, na kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kwamba unaandika ulichokiona. Hukukiona, huandiki. Dawa hukuitoa, husemi umeitoa. Mwanafunzi akinidanganya kidogo tu kuhusu presha ya mgonjwa, simwamini tena hadi apite mwezi.

Basi wiki tatu zote ile sentensi ya maneno mawili kuhusu upepo ilinikaa kooni kama mwiba wa changu.

## Pangaboi ya mama

Nieleze kidogo kwa ambao ndio kwanza wanasikia. Paramota ni bawa la kitambaa, lile watu wanaloliita parachuti, pamoja na injini ndogo unayoivaa kama begi. Nyuma ya injini kuna panga linalozunguka ndani ya kizimba cha wavu. Huna magurudumu. Unakimbia, bawa linapanda juu ya kichwa, unapiga resi, na ukijaliwa miguu inaachana na ardhi. Mwendo wake angani ni kama kilomita 40 kwa saa, sawa na bodaboda isiyo na haraka.

Mama yangu, Tanga, nilipomtumia picha ya kwanza, alipiga simu papo hapo. Hata shikamoo hakuipokea vizuri.

"Mwanangu, hiyo pangaboi uliyojifunga mgongoni ndiyo nini?"

Nikaeleza. Akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo kila mtu analiuliza, kuanzia daktari wa zamu hadi fundi wa baiskeli: "Na ikizima je?"

Ikizima unateremka. Ndiyo habari yote. Bawa halitegemei injini ili lielee. Injini kazi yake ni kukusukuma mbele ili upae. Bawa la mwanafunzi, kwa kila mita moja unayoshuka, hukupeleka mbele kama mita saba. Ukiwa mita 150 juu, unayo karibu kilomita nzima ya kuchagua pa kutua, mradi hujajipeleka juu ya msitu au maji. Mwalimu wetu aliturudishia jambo hilo kila siku: usiwe mahali ambapo injini ikizima utajuta.

Swali ambalo hakuna anayeliuliza ni la panga likiwa bado chini. Majeraha mabaya yanayotajwa sana katika mchezo huu ni ya mkono kuguswa na panga wakati wa kuwasha injini. Mtu ameiinamia, resi imekwama juu, injini inaruka mbele, naye kwa silika anaikinga kwa mkono. Nimewahi kuuvua bendeji mkono uliopita kwenye mashine ya useremala, kwa hiyo somo hilo sikuhitaji kurudiwa. Ushungi wangu nauvaa ule wa kuvuta, bila pini, na ncha zote zinaingia ndani ya ovaroli kabla injini haijaguswa. Mwalimu aliliona hilo siku ya kwanza, akawageukia wanaume wenye nywele ndefu na kamba za kofia zinazoning'inia: "Fanyeni kama yeye."

Na maji. Watu wa pwani nisikilizeni, maana najua picha mnayoiwaza, mtu anaelea juu ya bahari ya bluu jua likizama. Ukianguka majini na kitu hiki, umefungwa kwenye kiti chenye chuma cha kilo zaidi ya 20, na kamba za bawa zinakuzunguka miguu. Kujua kuogelea hakukusaidii sana hapo. Mimi niliyekulia ufukweni ndiye niliyekuwa wa mwisho kuliamini hili.

## Wiki sita na kitambaa

Nilidhani nimelipia kuruka. Nilikuwa nimelipia kukimbizana na kitambaa.

Uingereza, paramota inayorukwa kwa miguu haidaiwi leseni. Marekani nako, chini ya kanuni yao ya 103, hali ni hiyohiyo. Sheria za anga zinakubana zote, mahali pa kupita na mahali pa kuepuka watu na majengo, lakini hakuna anayekupa mtihani kwanza. Kisheria ningeweza kununua injini mtandaoni Jumatatu na kuivaa Jumamosi. Uhuru huo ulinitisha kuliko mtihani wowote, nikaenda shule, zaidi ya pauni 1,000 zikaondoka, na wiki sita za kwanza sikuigusa injini hata kwa kidole.

Unasimama unaliangalia bawa, mgongo umeupa upepo. Unavuta mikanda ya mbele, kitambaa kinajaa hewa kinapanda. Hapo ndipo vita inapoanza. Likiinamia kushoto, mwili wote unataka kulivuta lirudi kulia. Ukilivuta, linaanguka. Unatakiwa ulifuate, uingie chini yake, hatua mbili za haraka upande uleule linakoangukia. Nilianguka mara nyingi kiasi kwamba kondoo wa jirani walizoea, wakaacha kukimbia.

Utotoni nimerusha tiara nyingi, za karatasi ya gazeti na njiti za makuti, nikafikiri ujuzi huo utanibeba. Tiara unaishika wewe. Bawa hili linakushika.

Siku moja mwishoni mwa Mei lilipanda likakaa. Nikageuka kuutazama upepo, bila kuangalia juu, na nikajua liko wapi. Nililihisi kwenye nyonga, pale mikanda ya kiti inaposhika. Linaegemea kushoto, nyonga ya kushoto inavutwa. Linatangulia mbele, nyonga zote mbili zinakuwa nyepesi. Nikacheka peke yangu shambani. *Ukitaka kuruka, agana na nyonga.* Methali hii nimeiandika kwenye insha tangu darasa la tano nikidhani ni habari ya kujipima nguvu tu. Kumbe ni orodha ya ukaguzi. Ukaguzi wetu wenyewe unaanzia hapohapo: mikanda ya mapaja kwanza, kisha kifua, kofia, redio, mafuta, kamba, upepo, anga. Mapaja yanatangulia kwa sababu wapo marubani wa michezo hii, wenye uzoefu wao, waliowahi kuruka na kusahau kuyafunga.

Sasa unaelewa kwa nini jioni ile ya Juni iliniuma. Mikanda nilikuwa nimefunga. Nyonga niliagana nazo. Zikasema hapana, nami nikasingizia upepo.

## Leo simo

Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi Kigombe, kusini ya Tanga mjini. Alikuwa na ngalawa moja na tanga lenye viraka vya rangi tatu. Alfajiri, kabla watu hawajashusha vyombo, alikuwa akienda kuchutama pale mchanga unapoishia. Anatazama. Mara nyingi anainuka, anakwenda kushusha ngalawa pamoja na wenzake. Mara chache anarudi nyumbani, anaweka kasia nyuma ya mlango.

Bibi hakuuliza. Sisi watoto tuliuliza: "Babu, huendi?"

"Leo simo."

Basi. Hakusema kusi limekaza. Hakusema mawimbi. Kuna siku bahari ilikuwa shwari kama chai kwenye kisahani, vyombo vyote vimetoka, naye amekaa barazani anashona wavu. Simo. Jioni wenzake walirudi na samaki wao wakampa fungu, na hakuna aliyesema kitu.

Kiingereza sijaona kama kina neno fupi namna hiyo. Pale shambani ukisema huruki lazima ulete sababu: upepo, injini, goti. Lakini nisiisingizie lugha ya watu. Nilikuwa na redio na maneno mawili tu yangenitosha, *I'm scared*, na mtoto wa chekechea anayajua. Sikuyasema kwa sababu nina miaka 41, nilikuwa mwanamke pekee, mweusi pekee na mwenye ushungi pekee katika shamba lile, na sikutaka woga wangu uwe wa watu wengine wote nisiowajua.

Hilo limenichukua wiki mbili kuliandika.

## Bata maji

Aliyenitia wazimu huu ni Sacha Dench. Mwaka 2016 aliruka kwa paramota akifuata njia ya bata maji weupe wa Bewick, kutoka aktiki ya Urusi hadi Uingereza, zaidi ya kilomita 7,000. Niliona video zake usiku wa zamu, nikiwa na kikombe cha uji wa oti, nikarudia ile sehemu anapokimbia na kunyanyuka mara tatu. Mwanamke, anakimbia, kisha hakimbii tena kwa kuwa ardhi haipo.

Septemba 2021, akiwa anazunguka Uingereza kwa kampeni ya mazingira, paramota yake na ya mwenzake Dan Burton ziligongana angani Uskoti. Burton alifariki. Dench aliumia vibaya akapona.

Nilisoma habari ile siku ilipotoka. Niliisoma tena wiki moja kabla ya Juni yangu. Huenda ndiyo iliyobonyeza kitufe. Huenda hapana. Hapa ndipo nilipozunguka wiki tatu kama ng'ombe wa kinu: nilizima kwa sababu nina akili, au kwa sababu nina woga?

Kaka yangu, nilipomdokezea WhatsApp, alinirushia methali: *Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.* Na viemoji vya kucheka juu yake. Ni methali nzuri, imeokoa watu. Lakini inamfariji mtu hata asipostahili, na mimi sikutaka faraja. Nilitaka kujua. Kama ulikuwa woga mtupu, basi nao utanijia siku ambayo kubaki chini ndiyo salama, na pia siku ambayo nitakuwa juu na salama ni kuongeza resi. Woga hauchagui. Na kama ilikuwa busara, ilijificha wapi, mbona sikuweza kuitaja?

Niliwahi kufikiri viwili hivi vina ladha tofauti. Vinaonja sawasawa. Mdomo mkavu, mikono baridi, masikio yanasikia kila bolti.

(Kwa mnaoniandikia kila mara: kama uko Kenya au Tanzania, usianze kwa kununua injini. Kila kinachoruka kina mwenyewe wa kuulizwa, yaani mamlaka ya usafiri wa anga: Kenya ni KCAA, Tanzania ni TCAA. Uliza kwanza, maana huku kukosa leseni ni halali na huko unaweza kukamatwa. Anayetaka kuonja anga bila injini, pale Iten juu ya bonde la Kerio watu wanaruka kwa bawa tupu miaka mingi sasa. Mchezo wenyewe wa bawa tupu ulichipuka Mieussy, Ufaransa, mwaka 1978, wanaparashuti watatu walipochoka kulipia ndege wakaamua kukimbia kutoka mlimani. Ubahili umezaa mengi.)

## "Niliiona soksi"

Jumamosi ya nne nilifika mapema kuliko wote. Mwalimu alikuwa anachanganya mafuta, petroli na oili kwenye kidumu, harufu ileile ya mashine za boti kule kwetu. Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno ya dakika tano, nikatumia sekunde kumi.

Hakuacha kumimina.

"Najua," akasema. "Niliiona soksi."

Nikabaki mdomo wazi. Mbona ulinisifu mbele ya watu?

"Nilisifu kuzima. Sababu ni yako." Akafunga kidumu, akakitikisa, akakiweka chini. Ndipo akakasirika, kwa namna ya Waingereza, yaani sauti ilishuka badala ya kupanda. Akasema yeye akiwa chini na mimi niko juu, kitu pekee alichonacho ni sauti yangu. Haoni mikono yangu. Haoni uso. Nikisema niko sawa na siko sawa, atanipa maelekezo ya mtu aliye sawa. "Woga wako naweza kuufanyia kazi. Uongo wako siwezi."

Siku ile hakunipa injini. Nilikimbizana na kitambaa jioni nzima, na Jumamosi iliyofuata pia, pamoja na wanafunzi wapya wawili waliodhani mimi ni mgeni kama wao. Yule kijana wa miaka 19 alikuwa anapita juu yetu akipunga mkono. Sikusema neno. Kusema kweli nilisema moja, kwa Kiswahili, na halifai kuandikwa hapa.

Kwenye kitabu nilikata ile sentensi kwa mstari mmoja, kama tunavyofanya kwenye chati, ili kilichofutwa kisomeke. Pembeni nikaandika: *Niliogopa.* Tarehe na sahihi.

## Mita 150

Julai, katikati. Mchana kutwa jua lilikuwa limechoma mashamba na hewa ikipanda kwa mafundo, ile hewa ya saa nane inayomchezea mwanafunzi kama kopo kwenye mkondo. Tukangoja. Kufikia saa mbili usiku kila kitu kilikuwa kimetulia, majani hata kutikisika hayatikisiki vizuri.

Redio: "Hali?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini hasa?"

Swali hilo sikulitarajia. Nikatazama. "Ule mti."

"Uko mita 200, na upepo hautokei upande wake. Kingine?"

"Mguu wa kushoto. Mkanda nimeufunga, lakini nahisi sijaufunga."

"Ushike."

Nikaushika. Ulikuwa umefungwa.

"Kingine?"

Nilitafuta kwa dhati. Woga ulikuwepo palepale, haujapungua hata kijiko, ila haukuwa na kitu kingine cha kushikia.

"Basi," nikasema.

Nikakimbia. Mikanda ikanikaza mabegani, bawa likapanda, nyonga zikaniambia liko katikati, nikapiga resi. Injini ilinisukuma kama mtu mwenye hasira, panga likawa linanipinda mwili upande mmoja, na mwalimu akipiga kelele sikioni, kimbia, usikae, kimbia, maana kosa la wanafunzi ni kukaa mapema wakadhani wameshapaa, wakatua kwa makalio na kuvunja panga. Nikakimbia. Nikakimbia. Nikagundua nakimbiza hewa.

Sitawaeleza uzuri wake, picha mtaziona. Lincolnshire ni tambarare kama sinia, mifereji imenyooka kama iliyopigwa rula, na kivuli changu kilikuwa kinapita juu ya shayiri kikiwa kidogo mno. Sehemu kubwa ya dakika zile 11 nilikuwa nahangaika kuingia kwenye kiti, nusu nimekaa, nusu nimening'inia, ovaroli imenibana pabaya. Hayo kwenye video za watu hayamo.

Kisha redio: "Uko mita 150, shamba liko mbele yako. Zima."

Ndivyo wanafunzi wanavyotua, injini imezimwa, ili panga liwe limesimama miguu ikigusa chini. Nilikuwa nalijua hilo tangu wiki ya kwanza. Kidole gumba kikaenda kwenye kitufe kilekile chekundu, kikasita.

"Hali?"

"Naogopa. Nazima."

Nikabonyeza.

Kelele ikakatika na dunia ikarudi kidogo kidogo. Kwanza upepo kwenye kamba, mluzi mwembamba. Kisha mbwa mahali fulani. Kisha kondoo, walewale, na sauti ya kijana wa miaka 19 akimwambia mtu asogeze gari. Nilikuwa nashuka kama jani, nikasikia hata lango la shamba likifungwa. Mama, ndiyo hivi ikizima.

Majani yakaanza kuonekana moja moja. Nikavuta breki zote mbili, nikachelewa nusu sekunde, nikapiga magoti kwenye umande na kitu kingine ambacho kondoo walikiacha.